Filamu Njiani: Nairobi hadi Unguja kwa Siku Saba

Siku ya kwanza, Nairobi

Begi nimelifunga, tiketi ya treni iko kwenye simu. Naenda Unguja kumwona mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye mara ya mwisho tulionana kabla ya korona. Kwa ndege ningefika siku moja tu. Nimechagua treni, basi na boti kwa sababu kuna jambo nimelipania muda mrefu: kila ninapopita nitazame filamu ya hapo, au inayopahusu, nisikie kama watu wa ndani ya filamu wanaongea kama watu walio nje ya dirisha.

Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa tisa huu nafanya kazi Nairobi. Ukikaa kati ya Kiswahili cha kwenu na cha mji kama huu, masikio hayalali. Natazama filamu za kila aina, za Kikorea, za Kinaijeria, za kivita, za mapenzi. Ila filamu ikisema Kiswahili naipima kwanza kwa sikio. Mwigizaji akisema "tafadhali nieleze ukweli" pale ambapo mtu mwenye hasira angesema "hebu sema!", basi hata kamera ikipaa juu ya Kilimanjaro hainirudishi tena.

Usiku huu nimeanza na Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza David "Tosh" Gitonga. Kwangu ni mara ya nne. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza papo hapo mbele ya wateja. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anapanda basi kuja Nairobi, na siku ile ile ya kwanza anaporwa kila kitu na kuishia mahabusu. Huko anaamrishwa kusafisha choo ambacho hata kukitazama ni adhabu. Na hapo ndipo Joseph Wairimu alipoichukua filamu nzima akaiweka mfukoni. Anakisafisha kile choo kwa vituko, kama yuko jukwaani, mpaka mahabusu wenzake wanabadilika kuwa watazamaji. Unacheka, halafu unajishangaa umecheka mahali gani. Mwaka huo huo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la Durban, na ilimstahili kabisa.

Nimetazama na mwenzangu tunayepanga naye nyumba, mzaliwa wa Eastlands. Mimi nilipoiona mara ya kwanza, bado niko Tanga, nusu ya maneno ya Oti, yule jambazi wa kwenye filamu, na genge lake yalinipita. Sasa nayapata yote. Lakini mwenzangu leo kila baada ya dakika chache anacheka peke yake: "Hiyo hakuna mtu anasema tena! Hiyo ni ya wazee!" Sheng inahama haraka hivyo. Kilichokuwa kipya mwaka 2012 leo mtoto wa darasa la saba anakiona cha babake. Sikuwahi kuiwazia filamu ile kama ghala, kumbe imeweka mdomo wa mji wa mwaka mmoja, na lafudhi zake, na namna ya kukata neno katikati. Hakuna kamusi iliyofanya hivyo.

Treni ni saa mbili asubuhi. Nilale.

Siku ya pili, ndani ya treni hadi Mombasa

Nimepanda ile ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati. Baada ya Emali joto limeanza kubadilika, na kufika Mtito Andei kila mtu ameshavua sweta. Tembo wa Tsavo tumewaona wanne, wekundu kwa vumbi, na behewa zima likahamia upande mmoja wa madirisha.

Mbele yangu alikaa mama na binti yake wa miaka kama minane. Mtoto alikuwa ananichungulia kompyuta tangu Athi River. Nilimuuliza mama yake kama naweza kumwonyesha filamu, nikamweleza wazi kwamba inahusu mtoto mgonjwa sana. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa, lakini na mimi nitatazama." Basi tukaiegemeza kompyuta kwenye begi, tukatazama watatu.

Ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoanza kuonyeshwa Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa na ugonjwa usiopona. Anazipenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na mama yake anamtoa hospitali kumrudisha kijijini. Mama anataka amfunike, amweke ndani, asimpoteze hata dakika moja. Dada yake, Mwix, anaona mtoto anataka kuruka. Anakiingiza kijiji kizima kwenye siri: wote wajifanye Jo ana nguvu za ajabu kweli, kisha watengeneze filamu yenye yeye kama stelingi.

Najua kuna watu wataisikia hadithi hii wakadhani ni ya kukamuliwa machozi. Ningewashika mkono niwakalishe waitazame. Filamu yenyewe haina hata saa moja na nusu, na muda mwingi unacheka, kwa sababu wanakijiji ni waigizaji wabovu wa kupendeza, wanaigiza vibaya kwa mapenzi. Na yule anayewaonyesha watu filamu pale kijijini huku akizisimulia, ah! Kila mtu aliyekua Afrika Mashariki anamjua huyo mtu. Mama na Mwix wanapogombana, Kiswahili chao kinaparurana na Kiingereza na Kikikuyu kama familia yenyewe inavyoparurana, na hakuna anayesimama kupanga sentensi.

Mwisho siusemi. Yule binti hakulia. Mama yake alilia, akageukia dirishani kuangalia Mariakani. Mtoto aliniuliza jambo moja tu: "Kwani walimdanganya?" Nikamjibu kwamba walicheza naye. Akatafakari mpaka Miritini.

Usiku Mombasa, kwa rafiki yangu, Majengo. Pilau, mabembea ya watoto, kelele. Filamu hakuna leo.

Siku ya tatu, Mombasa hadi Tanga

Kivuko cha Likoni kwa miguu asubuhi na mapema, kisha basi upande wa pili. Nimekaa na mzee mmoja wa Msambweni, kofia nyeupe ya mkono, anakwenda Tanga kwenye arusi.

Filamu ya leo niliichagua kwa makusudi iwe ndani ya basi. Watu Wote ina dakika 22 hivi, imetengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, ikaongozwa na Katja Benrath, na mwaka 2018 ilifika kwenye orodha ya mwisho ya Oscar kwa filamu fupi. Kisa chake ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilivamiwa na al-Shabaab kaunti ya Mandera, washambuliaji wakawataka abiria Waislamu wawatenge Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawavisha wenzao mitandio, na ujumbe wao ulikuwa mmoja: tuueni sote au mtuache sote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari iliyofuata.

Filamu inamfuata Jua, mwanamke Mkristo mwenye uchungu wake wa zamani, anayeingia kwenye basi akiwa hataki hata kuguswa bega na jirani yake. Ninachokisifu ni kwamba nusu ya kwanza haina haraka. Unakaa kwenye kiti, unasikia Kisomali nyuma yako na Kiswahili mbele, mtu anaongea na mtu, mtu ananung'unika, na wewe huelewi kila kitu, kama vile Jua asivyoelewa. Kutoelewa ndiko kunakomtia hofu. Basi linaposimamishwa, sauti zile zile ulizokuwa unaziogopa ndizo zinazomkinga.

Yule mzee alikuwa anatazama kwa pembeni. Ilipoisha akaniuliza, "Hii ilitokea?"

"Ilitokea, baba. Na mwalimu yule alifariki."

Akanyamaza mpaka Lunga Lunga. Tulipokuwa kwenye foleni ya uhamiaji akaniuliza jina lake tena, nikamtajia, akalisema polepole na kumwombea rehema. Nimekwenda sinema nyingi maishani, sijui kama nimewahi kuona filamu ikipokelewa vizuri kuliko hivyo.

Ukishavuka Horohoro sikio linalegea lenyewe. Askari akaniambia, "Karibu nyumbani, dada, samahani kwa kukuweka." Mambo ya pole na samahani kila baada ya maneno mawili, ndiyo nimefika.

Siku ya nne, Tanga

Nimelala kwa mjomba, Ngamiani. Mjomba amezaliwa mwaka 1948, na kwake yeye hazikuwa filamu wala muvi, zilikuwa picha. "Tulikwenda kutazama picha." Majestic, Novelty, Regal, anazitaja kama anavyotaja jamaa waliotangulia.

Nilikuwa nimepanga kumwonyesha filamu mpya ya Kiswahili. Akaniuliza, "Hicho kidude chako kina Awaara?"

Intaneti ilikubali. Basi leo, mchana wa jua kali, mapazia yamefungwa, chai na kachori mezani, nimetazama filamu ya Kihindi ya mwaka 1951 ya karibu saa tatu na mzee anayejua inakokwenda kila kamera. Raj Kapoor ni kijana aliyekulia mtaani kwa sababu jaji mmoja, baba yake mwenyewe bila kujuana, aliamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Jaji anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, na ukilijua hilo basi wanapokutana uso kwa uso unasikia kitu kifuani. Nargis ndiye wakili anayemtetea. Anavyosimama mahakamani, kidevu juu! Halafu ile ndoto yao yenye ngazi na mawingu na masanamu, ambayo kwa pesa na vifaa vya wakati ule sielewi waliijengaje.

Mjomba alipoiona mara ya kwanza ilikuwa katikati ya miaka ya 60, picha imesharudiwa Tanga mara kadhaa, na watu wanakwenda tena na tena. Wimbo wa Mukesh ulipoanza alisimama. Akaukunja mguu mmoja wa suruali, akaimba wote, Kihindi neno kwa neno, na hajui hata neno moja maana yake nini isipokuwa lile la kuzurura.

Nikamwambia nadharia yangu ya sikio. Akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mjomba, wewe unasikiliza maneno. Sisi tulikuwa tunasikiliza sauti. Pale nyuma palikuwa na mtu mmoja anajua Kihindi kidogo, anatutupia neno moja moja. 'Huyo babake!' Basi. Yanayobaki unayajua mwenyewe. Wewe baba huna?"

Sikuwa na jibu, na mpaka naandika hapa sina. Filamu isiyo na neno langu hata moja imemkaa mtu wa kwetu miaka sitini. Nimejisikia mdogo, nikaongeza chai.

Siku ya tano, Tanga hadi Dar es Salaam

Basi limechelewa kuondoka saa mbili nzima na hakuna aliyetueleza kwa nini. Segera, Chalinze, foleni ya Kibaha, na hatimaye stendi ya Mbezi.

Kwenye basi waliweka muvi ya kibongo ambayo jina lake sikulipata kwa sababu ilianzishwa katikati. Wifi mtu wa fitina, mume mlegevu, nyumba kubwa yenye ngazi. Sauti imerekodiwa mpaka feni inasikika kuliko waigizaji, na muziki wa huzuni unakuja kabla jambo la kuhuzunisha halijatokea. Hayo nayasema kwa uchungu kwa sababu fani hii naipenda. Maana sikiliza kilichotokea: yule wifi alipofungua mdomo, basi zima lilimjibu. "Mwongo huyo!" "Dada, usimsikilize!" Alivyosema "mie sina neno na mtu", kwa ile sauti ya mtu mwenye maneno na kila mtu, mama wa kiti cha nyuma alipiga makofi kwa uchungu. Nilishaona filamu za tuzo ambazo hazina sentensi moja hai kama ile. Wape hawa watu kipaza sauti kizuri na muda wa kuhariri, kisha kaa chini uone.

Nimemkumbuka Steven Kanumba. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, ana miaka 28. Mimi nilikuwa Tanga, na naikumbuka ile asubuhi, redio kila dirisha. Umati ulioagana naye Leaders Club siku aliyozikwa makaburi ya Kinondoni unasema yote kuhusu nafasi yake. Alikuwa mwigizaji mwenye ujasiri wa kulia mbele ya kamera bila kujificha uso, wanaume wengi hawakuwa wamezoea kuona hivyo.

Usiku binamu yangu amenipeleka kibanda umiza cha mtaani kwao, Manzese. Mabenchi, jamvi, spika kubwa kuliko televisheni, shilingi 500 mlangoni. Filamu ya Kichina ya mapanga, imetafsiriwa. Ambaye hajawahi kusikia filamu iliyotafsiriwa amekosa kitu: mtu mmoja anatoa sauti zote, za mfalme, za mke wa mfalme, hadi za farasi, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mitaa yetu. Walianza watu kama Lufufu, jina lake Derek Gaspar Mukandala, kwenye kanda za video hapa Dar, na wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Kenya wana DJ Afro wao. Jana kwa mjomba nilijiona nimeshindwa. Leo nimeona ni jambo lile lile la mtu wa nyuma pale Majestic anayetupa neno moja moja, ila sasa amepewa kipaza sauti. Picha ya mbali inakuja, na kuna mmoja wetu anaipa mdomo.

Siku ya sita, Unguja

Boti ya asubuhi, saa mbili za bahari tulivu. Bandarini Malindi harufu ni ile ile, karafuu na mafuta ya injini.

Mama mkubwa anakaa Michenzani, kwenye yale majengo marefu, ghorofa ya tatu. "Shikamoo mama mkubwa." "Marahaba mwanangu, hebu njoo karibu nikushike uso." Sikuelewa mpaka aliponishika kweli. Macho yameshika mtoto wa jicho yote mawili, anaona vivuli na mwanga tu, anasubiri zamu ya kupasuliwa. Hakuna aliyeniambia. Nimebeba filamu Nairobi hadi hapa kumletea mtu asiyeona.

Alipojua akacheka. "Kwani n'na tatizo la masikio? Iweke."

Ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na kuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la Toronto. Riwaya ya Adam Shafi wengi tulikutana nayo sekondari: Unguja ya miaka ya 50, Waingereza bado wamekalia, Yasmin binti wa Kihindi anayeikimbia ndoa ya lazima na mzee, Mwajuma anayempokea Ng'ambo, na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na serikali. Mama mkubwa miaka ile alikuwa mtoto, hapa hapa Ng'ambo, kabla majengo haya hayajajengwa.

Nilianza kumsimulia picha. Sikupanga, ilitokea tu. "Usiku. Kichochoro chembamba. Taa moja, ukuta umelowa, rangi kama kutu. Yasmin anatembea haraka." Nilikuwa nimekuwa mtafsiri wa kibanda umiza, ila kinyume chake: maneno anayo yeye, mimi nampa macho. Nami kwa kulazimika kusema kila kitu nikaona vitu ambavyo mara mbili za kwanza vilinipita. Shivji hana haraka na kuta. Anawaweka wapenzi karibu sana na fremu ya mlango, na mwanga unaingia kwa upande, kwa hiyo kila wanapogusana unahisi kuna mtu anaweza kupita. Hofu ya wakati ule ameiweka kwenye nafasi ya kupumulia.

Na sikio? Kaeni pembeni, aamue mwenyewe. Mwajuma alipoongea, ambaye anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, mama mkubwa alininyamazisha kwa kidole. Akasikiliza. "Huyu wa hapa," akasema. "Huyu simuoni lakini n'namjua." Mwengine aliposema akaguna: "Huyu wa ng'ambo ya maji. Lakini anajitahidi, mwache." Taarabu ilipoanza hakusema kitu, vidole vilikuwa vinapiga kwenye mkono wa kiti.

Kwenye mambo ya siasa, karatasi zinazopitishwa kwa siri na askari wanaogonga milango, aliniuliza swali moja: wamevaa viatu gani? Nikamwambia buti. "Eeh. Tulikuwa tunazijua kwa mlio, kabla hawajafika kona."

Siku ya saba, Unguja

Asubuhi nilikwenda Forodhani, nikapita Ngome Kongwe ambako tamasha la filamu la hapa limeonyesha picha nyingi chini ya nyota, nikasimama kutazama jumba la kale la Beit al Ajaib lililoporomoka upande mmoja Desemba 2020. Urojo, kisha nyumbani.

Mama mkubwa alikuwa ameshakaa mahali pake pa jana. Ameita na jirani zake wawili, wa umri wake, mmoja na mkongojo. Chai imemiminwa.

"Iweke tena," akasema. "Na leo usiseme wewe. Hawa wanaona, watasema wao."

Nimekaa nyuma yao. Picha haijafika dakika tano wameshaanza kubishana mtaa ule ni upi.